Starehe ya Mgeni, Usingizi wa Mwenyeji

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa kwetu Visiwani msemo huo umepata maana kubwa. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000, ilhali sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu sisi wenyewe kuwa watu 1,889,773. Utalii umewapatia vijana wetu kazi na Serikali mapato. Lakini msemo una nusu mbili, na leo twapenda kuizungumza nusu ya pili, ile ya mwenyeji kupona.

Suala lenyewe ni mabaa na kumbi za starehe zinazopiga muziki hadi usiku wa manane karibu na makaazi ya watu. Si kusudi letu kujadili uhalali wa kileo; jambo hilo lina wenyewe. Tunazungumzia usingizi, ambao anauhitaji anayekunywa na asiyekunywa.

Tuanze na Mji Mkongwe, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Nyumba zake za mawe na chokaa zinatazamana kwa hatua chache tu. Muziki ukipigwa juu ya paa la jengo moja, sauti hutoka ukuta hadi ukuta mpaka ikaingia chumbani kwa mgonjwa, kwa mwanafunzi mwenye mtihani, na kwa mzee anayetaka kuamka alfajiri kwa sala. Mdundo mzito ndio mbaya zaidi, kwani huo haukingwi na dirisha lililofungwa.

Huko pwani hali ni ya namna nyingine. Mbalamwezi inayowakusanya wageni kucheza mchangani ndiyo inayoleta bamvua, na bamvua ndiyo inayowaita akina mama wa Paje na Jambiani kwenda kwenye mashamba yao ya mwani. Mwezi ni mmoja: kwa huyu ni sherehe, kwa yule ni siku ya kazi.

Hata hivyo, haki haina upande mmoja. Wenye mabaa wamelipia leseni na wameajiri wapishi, wahudumu, walinzi na wapiga muziki. Mgeni aliyekuja mapumzikoni hawezi kuamrishwa alale saa tatu. Na amri moja ya kufunga mapema kwa wote ina hasara zake. Mnamo Februari 2014, mji wa Sydney huko Australia, baada ya vijana kuuawa kwa kupigwa ngumi barabarani, ulipiga marufuku kuingia mabaa ya katikati ya mji baada ya saa saba na nusu usiku, na kuuza vileo baada ya saa tisa. Mapigano yalipungua, lakini kumbi nyingi zilidhoofika na malalamiko yakazidi. Sehemu kubwa ya amri hiyo iliondolewa Januari 2020, na eneo la Kings Cross likafuata Machi 2021.

Funzo tunalolipata ni kwamba saa peke yake haitoshi kuwa kipimo. Baa isiyosikika nje yaweza kufungwa saa nane usiku bila ya kumuudhi mtu, na nyingine ikafungwa saa sita ikiwa imekwisha kuwakosesha usingizi watoto wa mtaa mzima. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009 kwa nchi za Ulaya, lilipendekeza wastani wa kelele za usiku nje ya nyumba usizidi desibeli 40. Kinachostahili kupimwa basi ni sauti inayomfikia jirani dirishani kwake.

Kwa hiyo tunatoa rai tatu kwa viongozi wahusika. Kwanza, saa za kufunga ziwekwe kwa kutazama mahali: ufukwe ulio mbali na kijiji usichukuliwe sawa na kichochoro cha Shangani. Anayetaka kuendelea hadi usiku mkubwa apige muziki ndani, katika ukumbi uliozibwa sauti kwa gharama yake. Pili, majirani wasikilizwe mbele ya sheha kabla ya leseni kutolewa, na tena kila inapohuishwa. Mkaazi anayeulizwa baada ya jengo kwisha hakuulizwa, amearifiwa. Tatu, awepo ofisa wa zamu wa kupokea malalamiko usiku, mwenye chombo cha kupimia na uwezo wa kuamuru sauti ipunguzwe papo hapo. Hivi sasa afisi hufungwa alasiri na makelele huanza usiku. Mlalamikaji anapofika asubuhi, ushahidi wake umekwisha kunyamaza.

Wenye mabaa wasiyaone haya kuwa ni uadui. Jirani aliyelala vizuri hana sababu ya kudai biashara ya mwenzake ifungwe. Na wakaazi nao wakumbuke kwamba mshahara wa mhudumu wa baa hununua unga katika duka la mtaa huo huo.

Mgeni atakaa wiki moja kisha arudi kwao. Mwenyeji atabaki, na kesho atatakiwa tena kumkaribisha mgeni mwingine kwa uso mkunjufu. Hawezi kufanya hivyo ikiwa hakulala.