Nani Hula Kwanza Bandani

Mwaga chenga za mahindi uani jioni, kabla kuku hawajaingia kulala, kisha usiondoke. Utamwona tetea mmoja akifika kwenye chakula bila haraka, na waliomtangulia wakimpisha. Mwingine atadonoa punje mbili tatu pembeni, ainue shingo kumtazama yule mkubwa, kisha ainame tena. Na hakosi wa mwisho, mara nyingi amenyonyoka manyoya kisogoni, anayezunguka kundi zima akiokota zilizorukia mbali. Kesho mwaga tena: kila mmoja utamkuta kwenye nafasi yake ya jana.

Jambo hili liliingia kwenye sayansi kupitia Mnorwe mmoja, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyeanza kuwachunguza kuku akiwa bado mtoto. Alikuwa akiandika nani kamdonoa nani, na mwaka 1922 akachapisha aliyoyaona. Kumbe kuku hawadonoani ovyo. Kila wawili kundini wamekwisha kumalizana: mmoja hudonoa, mwenzake hudonolewa, na ugomvi hauanzishwi upya kila siku. Wala ngazi hiyo si lazima inyooke. Alikuta mahali ambapo wa kwanza anamtawala wa pili, wa pili anamtawala wa tatu, halafu wa tatu anamdonoa wa kwanza. Aliyewahi kufanya kazi ofisini ambako bosi anamwogopa karani wa malipo hatashangaa.

Utaratibu huu unategemea kukumbukana. Kuku hutambuana zaidi kwa kichwa na upanga, na watafiti walipobadilisha sura ya upanga wa kuku, wenzake walimshambulia kama hawajapata kumwona. Ndiyo sababu ya mateso ya kuku aliyenunuliwa juzi sokoni. Hajawahi kupambana na yeyote pale, basi inabidi apimane nguvu na wenyeji mmoja mmoja. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, walisema wahenga. Kamba anafungwa na mwenye nyumba, kipigo anapewa na wenyeji.

Majogoo nao wana zamu. Watafiti wa Nagoya, Japani, walionyesha mwaka 2013 kwamba jogoo haamshwi na mwanga tu: hata akifungiwa kwenye mwanga hafifu mchana na usiku, ataendelea kuwika kwa mzunguko wa karibu siku nzima, kwa saa iliyo ndani ya mwili wake. Miaka miwili baadaye wakaongeza lililo tamu zaidi. Majogoo wakikaa pamoja, anayeanza kuwika alfajiri ni mwenye cheo cha juu, na wengine humfuata kwa daraja zao. Akiondolewa, wa pili ndiye anayefungua asubuhi. Maana yake hata mnyonge ana saa mwilini, ila anangoja.

Lakini mnyonge si mjinga. Jogoo akipata chakula huwaita matetea kwa kuinua na kushusha kichwa, akiokota punje na kuiangusha, huku akitoa mlio wa kukaribisha. Jogoo wa chini akitoa mlio huo, mkubwa huja kumfukuza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Macquarie huko Sydney waliona kwamba huyo wa chini hucheza kichwa vilevile, ila kimyakimya. Mkubwa akishughulishwa na jambo jingine, ndipo naye hutia sauti.

Kutokana na aliyoyaona kwa kuku, Schjelderup-Ebbe alifika mbali: alidai kwamba ubabe ndio msingi wa maisha yote duniani. Hapo simfuati, na ushahidi wangu ni kuku wenyewe. Mtaalamu wa jenetiki ya mifugo, William Muir wa Chuo Kikuu cha Purdue nchini Marekani, alifuga kuku wa mayai kwa pamoja kwenye vizimba, bila kuwakata midomo. Kuku wa namna hiyo huuana kwa kudonoana. Badala ya kumtafuta tetea hodari na kuzalisha kutoka kwake, alipima kizimba kizima cha ndugu: kundi likifanya vizuri, ukoo wote unachaguliwa; likifanya vibaya, wote wanaachwa. Tetea anayetaga sana kwa kuwanyanyasa wenzake hakuwa na pa kujificha.

Katika vizazi vichache tu, vifo kwa mwaka vilishuka kutoka asilimia 68 hadi chini ya 9. Mayai yalipanda kutoka 91 hadi 237 kwa mwaka kwa kila kuku aliyeingizwa kizimbani, na hesabu hiyo inawajumuisha waliokufa njiani. Sehemu kubwa ya faida ilitokana na kitu kimoja, kwamba kuku walibaki hai. Wanaogawa tuzo za mfanyakazi bora, na walimu wanaopanga watoto kwa namba darasani, wangefaa kuzisoma takwimu hizo kabla ya msimu ujao.

Nawe mwenye banda, ukileta kuku mgeni, mtenge kwanza kwa wiki mbili ili kama ana ugonjwa ujulikane, kisha siku kadhaa mweke mahali atakapoonana na wenyeji kupitia wavu kabla ya kuwachanganya. Na chakula usikimwage mahali pamoja. Weka vyombo viwili au vitatu, mbali mbali, kwa kuwa tetea mkubwa hawezi kulinda vyote kwa wakati mmoja.