Ugonjwa wa Kuzimia: Tutafute Sababu Yake

Ndugu msomaji, labda umeona jambo hili katika kanisa lenu. Watu wamesimama kuimba, joto ni kali, na mara mama mmoja anaanguka chini. Watu wanapiga kelele. Mmoja anakimbia kuleta maji, mwingine anasema, "Ni kifafa." Wa tatu anasema kwa sauti ndogo, "Kuna mtu amemroga." Baada ya dakika moja mama anafungua macho na kuuliza, "Nimepatwa na nini?" Swali lake ni zuri. Basi tulijibu vema.

KUZIMIA NI NINI?

Ubongo unaishi kwa damu. Moyo unasukuma damu juu mpaka kichwani, mchana na usiku. Ikiwa damu inayofika ni kidogo sana, hata kwa sekunde chache tu, mtu anaona giza, masikio yanavuma, jasho baridi linatoka, halafu anaanguka. Akiisha kulala chini, damu inafika kichwani tena kwa urahisi, naye anaamka. Kwa hiyo kuzimia ni alama tu. Lazima tuulize: kwa nini damu ilipunguka kichwani?

SABABU NI NYINGI

1. Kusimama muda mrefu katika joto, maumivu, woga, au kuona damu. Mishipa inalegea na moyo unapiga polepole. Vijana wengi huzimia hivi, na mara nyingi si hatari.

2. Maji kupunguka mwilini kwa kuhara, kutapika, homa, au kulima juani bila kunywa. Mtu huyu huzimia anaposimama kwa haraka.

3. Damu kuwa haba, kwa ajili ya malaria, safura, hedhi nyingi, au kidonda cha tumbo kinachotoka damu.

4. Mimba. Mwanamke aliyekosa siku zake, tumbo likimwuma naye akizimia, labda mimba imeshika nje ya nyumba ya mtoto na damu inamwagika ndani. Msingoje asubuhi. Mleteni usiku huo huo.

5. Dawa. Dawa za kushusha nguvu ya damu, au dawa za ugonjwa wa sukari zikitumiwa bila kula, zinaweza kumwangusha mtu.

6. Moyo wenyewe. Mtu akizimia anapokimbia au kubeba mzigo, au akiwa amelala, au moyo ukipiga vibaya kabla ya kuanguka, au ikiwa ndugu yake alikufa ghafula angali kijana, afike hopitali siku ile ile.

Kifafa ni ugonjwa mwingine. Mwenye kifafa mara nyingi hutikisika kwa dakika nzima au zaidi, huuma ulimi, na akiamka akili yake haitulii upesi. Lakini hata mtu aliyezimia tu anaweza kutikisika kidogo. Basi usikate neno upesi. Na kifafa nacho hakiambukizi, tena kina dawa.

KOSA LANGU MIMI

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja wa kwaya alianguka mara tatu katika mwezi mmoja. Nilipima damu yake, nikaona vijidudu vya malaria vichache. Nikampa dawa, nikafikiri kazi imekwisha. Akaanguka tena. Ndipo jamaa wakaanza kumtazama kwa macho mabaya shangazi yake, mzee mjane aliyekaa nyumbani mwao. Wakatoa mkeka wake na vyombo vyake nje. Mimi nilisikia habari hiyo, nikanyamaza.

Safari ya pili mama alikuja pamoja na binti yake mdogo. Nikamwuliza mtoto, "Wewe ulikuwapo. Uliona nini?" Akajibu, "Mama anameza vidonge vya mgongo, vile vya sokoni, asubuhi na jioni. Anaanguka akiinuka kutoka kitini." Nikamwuliza mama juu ya choo chake. Akainamisha kichwa, akasema ni cheusi kama lami tangu majuma mawili. Aliona haya kusema, nami sikuwa nimeuliza. Tulipopima wingi wa damu, ilikuwa imepunguka sana. Vidonge vile vilikuwa vimefanya kidonda tumboni mwake. Aliviacha, akapewa damu na dawa ya kidonda, akapona. Nami nilikwenda kwa yule mjane kuomba msamaha, kwa kuwa ukimya wangu ulimlaza nje.

MTU AKIZIMIA, FANYENI HIVI

1. Mlazeni chali, mwinue miguu yake. Mwenye mimba kubwa alazwe kwa ubavu wa kushoto. Msimwinue upesi.
2. Fungueni nguo zinazombana. Watu wasimzunguke.
3. Msimwagie maji kinywani, wala msitie kijiko katika meno yake.
4. Akitapika au kutikisika, mgeuzeni kwa ubavu.
5. Asipoamka baada ya dakika mbili, au kifua kikimwuma, au akitoka damu, mleteni mbio. Asipopumua, bonyezeni katikati ya kifua chake kwa nguvu na upesi bila kuacha, huku mkiita msaada.

KUTAFUTA SABABU

Ukija hopitali, uje na mtu aliyekuona ukianguka, kwa maana wewe mwenyewe hukuona. Leteni dawa zote unazotumia, hata za kienyeji. Mtueleze: Alikuwa amesimama, ameketi, au amelala? Alikula nini siku ile? Alilala chini muda gani? Choo ni cha rangi gani? Siku za mwezi zikoje?

Nasi tutapima mpigo wa moyo, nguvu ya damu ukilala na ukisimama, wingi wa damu, sukari, na choo kama kina minyoo. Munganga akiona kuna lazima, atakutuma mahali penye mashine ya kuandika mapigo ya moyo. Pengine hatutaona sababu siku ya kwanza. Usikate tamaa, wala usimtafute mtu wa kulaumiwa. Andika tarehe ya kila kuanguka, urudi. Katika siku hizo usipande mti, usiteke maji mtoni peke yako, usikae peke yako karibu na moto. Ukisikia giza linakuja, lala chini mara moja. Kama huwezi, chuchumaa, au pishanisha miguu na kuikaza kwa nguvu.

Katika Marko 5 tunasoma habari za mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12. Alikuwa amemaliza mali yake yote kwa waganga, wala hakupata nafuu. Hata hivyo hakuacha kutafuta, na mwishoni alisema kweli yote mbele ya watu. Nawe, ndugu, ukija kwetu, sema kweli yote. Na sisi wauguzi tujifunze kuuliza yote.