Matone Arobaini kwa Dakika

Stima ikipotea usiku Ongata Rongai, jenereta za maduka ya Magadi Road huanza kunguruma. Katika chumba cha wagonjwa cha kliniki ndogo, dripu haijali giza. Chupa imening'inia, maji yanadondoka. Muuguzi anamulika chemba ya matone kwa tochi ya simu, macho kwenye saa, anahesabu dakika nzima, kisha anasogeza kigurudumu cha mrija kwa kidole gumba. Kidogo tu.

Kinachosukuma maji hayo ni uzito wake. Chupa ikiwa mita moja juu ya mkono, maji hukandamiza kwa takriban milimita 74 za zebaki. Damu katika mshipa wa mkono wa mgonjwa aliyelala ina shinikizo dogo kuliko hilo, hivyo maji huingia. Ndiyo maana mgonjwa akienda msalani ameishika chupa chini ya kiuno, matone hukatika na damu hupanda mrijani.

Kazi ya kigurudumu ni kuubana mrija. Karibu mwaka 1840 daktari Mfaransa, Jean Poiseuille, alipima maji yakipita kwenye vijirija vyembamba vya kioo. Aligundua kuwa upana wa kijirija ukipungua nusu, maji yanayopita hushuka hadi sehemu moja kati ya 16. Kwa hiyo kusogea kidogo kwa kigurudumu ni jambo kubwa. Tena plastiki iliyobanwa hubadilika umbo polepole: kasi iliyopangwa saa mbili usiku huenda isiwe ile ya saa nne. Lazima matone yahesabiwe upya.

Matone nayo hayalingani. Mrija wa kawaida wa watu wazima hutoa mililita moja kwa matone 20. Bureti, yaani mrija wa watoto wenye chombo cha kupimia, hutoa kiasi hicho kwa matone 60. Mtoto wa kilo 10 anayehitaji mililita 40 kwa saa atapangiwa matone 40 kwa dakika kwenye bureti. Matone 40 hayohayo kwenye mrija wa mtu mzima yatampa mililita 120 kwa saa, mara tatu ya kipimo chake.

Je, kasi ina madhara kweli? Jibu zito lilitoka Afrika Mashariki. Watafiti wakiongozwa na Kathryn Maitland wa Kilifi walifuatilia watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu, katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania. Matokeo yalitangazwa mwaka 2011. Kati ya waliomiminiwa maji mengi kwa haraka, takriban asilimia 10.5 walifariki ndani ya saa 48; kati ya wasiomiminiwa hivyo, asilimia 7.3. Mtoto aliyekaushwa na kuhara hakuwa sehemu ya utafiti huo, na bado anahitaji kurudishiwa maji upesi. Lakini somo lilibaki: maji ni dawa, na kasi yake ni sehemu ya kipimo.

Mzazi aliyechoka kukesha hutamani dripu iishe waende nyumbani, na kigurudumu kiko karibu na mkono wake. Asikiguse. Amwite muuguzi, amuulize: "Ni matone mangapi kwa dakika?" Kisha wahesabu pamoja.