Mswaki nao una haki ya kutunzwa

Ndugu katika imani, Bukhari na Muslim wamepokea Hadithi ambayo ndani yake Mtume Muhammad (s.a.w.) alieleza kuwa alitamani kuamrisha mswaki kwa kila Swala, akachelea tu kuutia umma wake uzito. Sunna hiyo wengi tunaishika, lakini mswaki wenyewe tunausahau. Abu Daud amepokea kwa Bibi Aisha (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akimpa mswaki wake auoshe. Basi chombo cha twahara nacho husafishwa.

Sisi wa Mwanza, tangu Kirumba hadi Ukerewe, tujihadhari na kusukutua au kuosha mswaki ziwani. Maji ya Ziwa Victoria yasiyochemshwa huweza kubeba vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, na anayesimama ndani yake huweza kupata kichocho kupitia ngozi. Tumieni yaliyochemshwa yakapoa.

Mswaki wa dukani utumiwe taratibu mara 2 kwa siku, dakika 2 kila mara, kwa dawa yenye floridi. Kisha uoshwe, ukung'utwe na kusimamishwa penye hewa, mbali na choo. Ubadilishwe kila miezi 3, au mapema nyuzi zikitawanyika. Wa mti ukatwe ncha iliyochakaa.

Kila mtoto awe na wake, kwani damu ya fizi huweza kupitisha homa ya ini aina B. Mzazi anayenunua miswaki 4 badala ya 1 hakufanya israfu. Amechunga amana ya Mola wake.

Wallahu aalam.