Kodi ya kichwa nchini Uingereza: jina la serikali na jina la walipaji

0. Utangulizi

Kodi huweza kuwa na majina mawili: lile lililoandikwa katika sheria na lile linalotajwa na wanaoilipa. Majina hayo huweza kukaa pamoja miaka mingi bila kugombana. Hata hivyo hutokea jina la walipaji likalishinda jina la sheria, likabaki peke yake vinywani mwa watu na katika vitabu vya historia. Hivyo ndivyo ilivyokuwa nchini Uingereza kati ya mwaka 1989 na 1993. Makala hii inakusudia kueleza kodi hiyo ilikuwa nini, kwa nini iliwachukiza raia, na jinsi majina yake mawili yanavyosaidia kuielewa hasira yao.

1. Kodi ya zamani na hoja ya serikali

Kabla ya mageuzi hayo, halmashauri za miji na wilaya nchini Uingereza zilipata sehemu ya mapato yao kutokana na kodi ya majengo. Kiasi chake kilitegemea makisio ya thamani ya kuipangisha nyumba: mwenye jumba alilipa zaidi ya mwenye kibanda. Kodi hiyo ilikuwa na kasoro zake. Mjane aliyeishi peke yake katika nyumba kubwa aliweza kudaiwa sawa na jirani yake mwenye nyumba kama ile, ambamo watu wanne walikuwa wakipata mishahara. Mwaka 1985, nyumba za Scotland zilipokadiriwa upya, wenyeji wengi walishtushwa na hati za madai walizopokea, na malalamiko yao yakaifikia serikali ya Margaret Thatcher, aliyekuwa Waziri Mkuu tangu mwaka 1979.

Januari 1986 serikali ilitoa waraka wenye pendekezo jipya. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Kati ya wapiga kura wapatao milioni 35 wa England, ni milioni 18 hivi tu waliodaiwa kodi ya majengo. Waliobaki, kwa maoni ya serikali, waliweza kuwachagua madiwani wenye matumizi makubwa bila kuonja gharama yake. Basi kila mtu mzima alipe, ili apigapo kura afikiri pia juu ya mfuko wake. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi: anayeagiza chakula naye achangie bei yake.

Sheria ya mwaka 1987 ikaanza kutumika Scotland tarehe 1 Aprili 1989. Sheria ya mwaka 1988 ikaanza kutumika England na Wales tarehe 1 Aprili 1990. Ireland ya Kaskazini haikuguswa. Tangu umri wa miaka 18, kila mkazi alitakiwa kulipa kiasi kilichopangwa na halmashauri yake, na katika halmashauri moja kiasi kilikuwa kimoja kwa tajiri na kwa kibarua. Wanafunzi wa vyuo pamoja na watu maskini kabisa walipunguziwa, lakini hata wao walipaswa kutoa sehemu moja kwa tano.

2. Majina mawili

Sheria iliiita kodi hiyo Community Charge, yaani Malipo ya Jumuiya. Kila neno hapo lina kazi yake. Neno «jumuiya» humwalika msikilizaji ajione mshiriki miongoni mwa wenzake. Neno «malipo», lililowekwa mahali pa «kodi», hudokeza kwamba mtu anatoa fedha badala ya huduma aliyopata, kama anavyolipia maji au umeme.

Raia hawakulipokea jina hilo. Wao walisema poll tax. Katika Kiingereza cha zamani neno poll lilikuwa na maana ya kichwa, na kodi ya namna hiyo ilikwisha kutozwa huko mwaka 1377, 1379 na 1380. Ile ya kwanza ilikuwa peni 4 kwa kila kichwa. Ile ya tatu iliwekwa kwa kipimo cha peni 12, ikawa miongoni mwa sababu za uasi wa mwaka 1381. Wakulima wa Kent na Essex waliingia London, na kiongozi wao, Wat Tyler, akauawa tarehe 15 Juni mwaka huo. Hivyo neno moja tu lilibeba kumbukumbu ya miaka mia sita.

Neno hilo lilikuwa na maana nyingine pia. Kwa kuwa kura nazo huhesabiwa kwa vichwa, poll ilikuja kumaanisha upigaji kura. Maana hizo mbili zilikutana kwa namna ya kusikitisha. Maofisa waliowatafuta walipaji waliruhusiwa kulitazama daftari la wapiga kura. Kwa hiyo baadhi ya watu, hasa vijana na wasio na uwezo, waliacha kuandikisha majina yao ili wasipatikane. Kodi iliyotungwa ili kila mpiga kura awe mlipaji ikawafanya baadhi ya walipaji waikimbie kura yao. Hapo ndipo hasara ilipopita hesabu ya fedha.

Msemaji wa Kiswahili hahitaji kueleweshwa sana jambo hili. Katika Kongo ya Wabelgiji, dekreti ya mwaka 1910 iliwatoza wenyeji kodi ya kila mtu mzima wa kiume. Mwaka huohuo Waingereza waliweka sheria ya kodi ya nyumba na ya kichwa nchini Kenya, na mwaka 1922 wakafanya vivyo hivyo Tanganyika. Hata baada ya uhuru, Tanzania ilikuwa na kodi ambayo sheria iliiita kodi ya maendeleo, hali wananchi wengi waliendelea kuiita kodi ya kichwa hadi ilipofutwa mwaka 2003. Lugha ni mbalimbali, lakini kanuni ni moja: serikali huitaja kodi kwa kutazama mahali fedha zinapokwenda, naye mlipaji huitaja kwa kutazama mahali zinapotoka.

3. Hasira na matokeo yake

Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Jina la Malipo ya Jumuiya halikung'ara, kwa kuwa mambo yenyewe yalilikana. Serikali ilikuwa imekisia kwamba wastani wa malipo nchini England mwaka 1990 ungekuwa pauni 278 kwa mtu. Ulifika pauni 363 hivi. Familia yenye watu wazima wanne katika nyumba ndogo ilidaiwa mara nne, na tajiri aliyeishi peke yake katika jumba lake mara moja tu.

Pamoja na hayo palikuwa na mzigo wa makaratasi. Nyumba haihami, lakini mtu huhama. Kodi ya majengo ilikaa pale nyumba ilipo. Kodi ya kichwa ilibidi imfuate kila kijana aliyebadili chumba na kila mfanyakazi aliyehamia mji mwingine. Halmashauri ziliandika madaftari mapya, zikatuma barua, kisha onyo, kisha wito wa mahakama, na mwisho madalali wa kushika mali. Kampeni ya kukataa kulipa ilianza Scotland ikaenea kusini. Mamilioni ya watu walichelewa au walikataa kulipa. Mwaka 1991 mbunge mmoja wa Liverpool, Terry Fields, alifungwa siku 60 kwa kukataa.

Tarehe 31 Machi 1990, siku moja kabla kodi haijaanza England na Wales, umati mkubwa uliandamana London. Maandamano yalianza kwa amani, yakaishia kwa mapigano katika uwanja wa Trafalgar, na watu zaidi ya 300 walikamatwa. Siku chache kabla yake chama tawala cha Conservative kilikuwa kimepoteza kiti cha ubunge cha Mid Staffordshire katika uchaguzi mdogo. Novemba mwaka huo Thatcher alijiuzulu. Kodi hii haikuwa sababu pekee, kwani ugomvi juu ya Ulaya ulikuwa umewagawa mawaziri wake. Lakini wabunge wengi wa chama chake walihofia kwamba wangeanguka pamoja nayo.

Machi 1991 serikali ya John Major ilitangaza kwamba kodi ya kichwa itafutwa. Ili kuipunguza kwa pauni 140 kwa kila mtu, kodi ya ongezeko la thamani ilipandishwa toka asilimia 15 hadi 17.5. Aprili 1993 ikaanza kodi ya halmashauri, ambayo ilizigawa nyumba katika madaraja manane. Daraja la juu lililipa mara tatu ya daraja la chini. Huko England madaraja hayo yangali yakifuata thamani za nyumba za mwaka 1991, jambo ambalo limezaa manung'uniko mengine. Nayo madeni ya kodi ya kichwa hayakufa pamoja na kodi yenyewe: Scotland ilihitaji sheria ya mwaka 2015 ili kukomesha ukusanyaji wake, zaidi ya miaka ishirini baadaye.

4. Hitimisho

Waingereza walikuwa wamezoea kulipa kodi, na wengi wao waliilipa hata hii huku wakinung'unika. Kilichowachukiza ni kuhesabiwa sawa wakati wa kutoa, hali hawakuwa sawa katika kupata. Jambo hilo lote lilikuwa tayari ndani ya jina walilolichagua, kabla ya barua ya kwanza ya madai kutumwa. Mtawala anayetaka kujua namna sheria yake inavyopokewa angeweza kuanza kwa kuuliza swali dogo: wanaoilipa wanaiitaje?