Jinsi tarakilishi zinavyoiga kuzaliwa kwa galaksi

UMEME unapokatika usiku katika mitaa ya Umoja, Kayole na Dandora, jijini Nairobi, wakazi wengi hukimbilia mishumaa na tochi. Wachache huinua macho. Wanaofanya hivyo, iwapo hakuna mawingu na giza limeenea vya kutosha, huona kitu ambacho taa ndefu za “mulika mwizi” huwaficha siku zote: mkanda wa mwanga hafifu, mfano wa unga uliomwagika, unaokatiza anga kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Mkanda huo ndio galaksi yetu ikitazamwa kutoka ndani. Galaksi ni mkusanyiko mkubwa wa nyota, gesi na vumbi unaoshikamanishwa na nguvu za mvutano. Hii yetu ina nyota zaidi ya bilioni 100, na Jua ni mojawapo tu. Mwanga, ambao husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, huchukua takriban miaka 100,000 kuivuka.

Swali ambalo limewasumbua wanaastronomia kwa muda mrefu ni jinsi mkusanyiko wa aina hiyo unavyoumbika. Mtaalamu wa mimea anaweza kupanda mbegu na kungoja. Anayechunguza galaksi hana fursa hiyo, kwani Jua lenyewe huchukua zaidi ya miaka milioni 200 kuizunguka galaksi mara moja. Darubini humpa picha moja moja, kama mtu aliyepewa picha za harusi za familia nyingi tofauti na kuambiwa aeleze jinsi mtoto anavyokua hadi akawa mzee.

Ndiposa wataalamu wakageukia uigaji: kuunda galaksi ya hesabu, kuipa kanuni za fizikia, kisha kuiacha ijiendee.

Jaribio la awali linalokumbukwa zaidi halikutumia tarakilishi hata kidogo. Lilitumia balbu.

Mwaka wa 1941, Erik Holmberg, mwanaastronomia wa Lund nchini Uswidi, alitaka kujua yanayotokea galaksi mbili zinapopitana kwa karibu. Alichukua balbu 74 na kuzigawa katika makundi mawili ya balbu 37, kila kundi likisimamia galaksi moja. Hila yake ilitokana na jambo ambalo kila mwanafunzi wa fizikia hulisoma: mwanga hupungua kwa kadiri ile ile ambayo nguvu za mvutano hupungua. Umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga hubaki robo. Ukiongezeka mara tatu, hubaki sehemu moja kwa tisa. Mkazi yeyote wa Eastlands aliyewahi kutembea usiku kutoka chini ya mlingoti wa mulika mwizi kuelekea kichochoro cha kwao anaijua kanuni hii kwa miguu yake, hata kama hakuwahi kuisikia darasani.

Kwa hivyo Holmberg hakukokotoa mvutano. Aliupima mwanga. Mahali pa kila balbu aliweka kifaa cha kupimia, akasoma ni mwanga kiasi gani uliofika hapo na kutoka upande upi, kisha akaisogeza balbu hatua moja kuelekea ilikovutwa. Akarudia kwa balbu iliyofuata, na iliyofuata, hadi zote zikaisha, kisha akaanza upya. Kazi hiyo ya kuchosha ilimwonyesha kwamba galaksi zinazopitana kwa karibu huvutana na kupotoana maumbo, na kwamba zinaweza kunasana badala ya kila moja kushika njia yake.

Balbu 74 hufanya jozi 2,701 zinazovutana. Leo, tarakilishi kuukuu ya saiba yoyote katika mtaa wa Buruburu ingezimaliza hesabu hizo kabla mteja hajavuta kiti. Mnamo 1972, ndugu wawili, Alar na Juri Toomre, walitumia tarakilishi za wakati huo kuthibitisha kwamba mikia mirefu ya nyota inayoonekana kwenye baadhi ya galaksi ni alama za kupitana kwa namna hiyo. Hadi hapo, wataalamu wengi walikuwa wakitafuta maelezo mengine.

Hata hivyo, ugumu hujitokeza idadi inapopanda. Chembe zikiwa bilioni 10, jozi zake ni nyingi kiasi kwamba tarakilishi yenye uwezo wa kukokotoa jozi bilioni moja kila sekunde ingehitaji zaidi ya miaka 1,500 kumaliza hatua moja tu. Na uigaji mmoja huwa na maelfu ya hatua.

Suluhisho lilikuwa kuacha kuhesabu kisichohitaji kuhesabiwa. Mtu akisimama usiku juu ya jengo la ghorofa mtaani Umoja, huiona kila taa ya majirani peke yake. Taa za Dandora, zilizo mbali, humfikia kama wingu moja la mwanga, wala hapotezi kitu akizichukulia hivyo. Programu za uigaji hufanya vivyo hivyo: chembe za karibu hukokotolewa moja moja, na zilizo mbali hufungwa pamoja na kuhesabiwa kama furushi moja. Mbinu hiyo, iliyoenea tangu katikati ya miaka ya 1980, ndiyo iliyogeuza karne kuwa majuma.

Ni kwa njia hiyo ambapo mwaka wa 2005 kundi la wanasayansi wa nchi kadhaa, likiongozwa na Volker Springel wa Ujerumani, lilitangaza uigaji ulioitwa Millennium. Ulikuwa na chembe zaidi ya bilioni 10 ndani ya mchemraba wa kufikirika wenye upande wa zaidi ya miaka ya nuru bilioni 2. Tarakilishi kuu ya Garching, karibu na Munich, ilishughulishwa kwa zaidi ya mwezi mzima. Mwishowe zilipatikana galaksi za hesabu takriban milioni 20, zikiwa zimepangika katika nyuzi na vifundo vinavyofanana mno na mpangilio wa galaksi halisi angani.

Hakuna aliyezipanga. Wanasayansi walianza na ulimwengu mchanga uliokuwa karibu sawasawa kila mahali, ukiwa na tofauti ndogo za msongamano za kiasi cha sehemu moja kwa 100,000, tofauti ambazo setilaiti zimezipima katika mnururisho wa kale uliobaki angani. Waliongeza maada ya giza, ile isiyotoa mwanga lakini ambayo mvutano wake unaonekana. Yaliyosalia yalifanywa na kanuni. Mtaa wa Umoja wenyewe ulianza miaka ya 1970 kama nyumba za chini, na hakuna mwenye ploti aliyechora msitu wa maghorofa unaoonekana leo. Kila mmoja aliitazama ploti yake na ya jirani, akaongeza orofa, na sura ya mtaa ikajitokeza yenyewe.

Mvutano, basi, ulikuwa sehemu rahisi. Sehemu ngumu ni gesi. Nyota huzaliwa gesi inapopoa na kujikunja, na uigaji wa awali ulifanya kazi hiyo kwa pupa: galaksi za hesabu zilitoka zikiwa na nyota nyingi kupita kiasi. Katika ulimwengu halisi kuna kitu kinachoizuia gesi. Nyota zinazolipuka huifukuza, na mashimo meusi yaliyo katikati ya galaksi kubwa huipasha joto na kuirusha nje.

Hapa ndipo msomaji wa Kiswahili anapokutana na jina analolijua. Mwaka wa 2019 Romeel Davé, aliyekuwa amefanya utafiti katika Chuo Kikuu cha Western Cape nchini Afrika Kusini kabla ya kuhamia Edinburgh, alichapisha pamoja na wenzake uigaji uitwao Simba. Ulitanguliwa na mwingine uitwao Mufasa, majina yanayokumbusha filamu mashuhuri ya katuni. Simba alipewa mashimo meusi yanayokula gesi na kutema mikondo mikali, na galaksi zake kubwa zikaacha kuzaa nyota, kama zilivyoacha nyingi za kweli.

Lakini inafaa kuwa waangalifu. Chembe moja ya gesi katika Simba ina uzito wa Jua mara zaidi ya milioni 10. Nyota moja haionekani humo, sembuse mlipuko wake. Wataalamu hulazimika kuandika kanuni za makadirio, mithili ya mpishi anayeonja na kuongeza chumvi, hadi matokeo yakaribiane na anga. Uigaji ukifanana na kile kilichotumiwa kuurekebisha, hilo halithibitishi mengi. Mtihani wenyewe ni mambo ambayo haukuwahi kuonyeshwa. Tangu 2022, darubini ya James Webb imeonyesha galaksi za kale zilizo angavu na nyingi kuliko miundo mingi ilivyotarajia. Baadhi ya makadirio hayo sasa yanaandikwa upya.

Mfano mwingine ni mgongano wa galaksi yetu na jirani yetu mkubwa, Andromeda. Kwa miaka mingi magazeti yaliuandika kana kwamba ni ajali ya matatu iliyokwisha kutokea. Mnamo Juni 2025, watafiti wakiongozwa na Till Sawala wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, walichapisha matokeo ya kurudia hesabu hiyo takriban mara 100,000, kila mara wakibadilisha kidogo vipimo ambavyo havijulikani kwa uhakika. Walipata kwamba uwezekano wa galaksi hizo mbili kugongana katika miaka bilioni 10 ijayo ni kama nusu kwa nusu.

Je, kazi hii ni ya matajiri pekee? Kuendesha uigaji mkubwa, ndiyo: hakuna tarakilishi ya aina hiyo nchini Kenya. Kuuchambua ni jambo jingine. Matokeo ya Simba yamewekwa wazi mtandaoni. Mradi wa IllustrisTNG, uliofungua hazina yake kwa umma mwishoni mwa 2018, huwaruhusu waliojisajili kufanya uchambuzi wao moja kwa moja kwenye tarakilishi za mradi wenyewe, bila kupakua mafaili yanayoweza kujaza chumba kizima cha diski. Mwanafunzi wa astronomia wa Chuo Kikuu cha Nairobi anayelala Kayole anahitaji kipakatalishi cha kawaida, ujuzi wa kuandika programu, na intaneti isiyokatika katikati ya kazi. La mwisho ndilo humgharimu zaidi, mwezi baada ya mwezi.

Aidha, anahitaji anga mara moja moja. Nyakati za jioni kati ya Desemba na Februari, mitaa ikiwa gizani na mawingu yametawanyika, upande wa kusini huonekana doa dogo la mwanga, chini kidogo kuliko alivyozoea kutazama mtu anayetafuta nyota. Hilo ni Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo iliyo umbali wa takriban miaka ya nuru 160,000. Katika hesabu za Helsinki, ni mvutano wa doa hilo unaoisukuma galaksi yetu kando na kuipunguzia hatari ya kukutana na Andromeda.