Moto wa Menengai na Vyuma Vinavyouhimili

Mkazi wa Kiamunyi, Nakuru, ana jirani mwenye rekodi. Volkano ya Menengai nchini Kenya, pamoja na Krafla nchini Iceland na Puna kule Hawaii, ni miongoni mwa sehemu chache mno duniani ambako wachimbaji wa jotoardhi wamegonga mwamba ulioyeyuka. GDC, shirika la Kenya la kuendeleza jotoardhi, lilianza kuchimba hapa mwaka 2011. Kwenye kina cha kilomita 2 hivi, kekee zilikutana na magma, na joto likakaribia nyuzi 400 za Selsiasi.

Kwa mvuke mkali, sifa kuu ni ya kisima cha IDDP-1 cha Krafla, kilichofikia magma mwaka 2009: mvuke wake ulitoka mdomoni ukiwa na nyuzi 450. Ulibeba pia asidi ya hidrokloriki. Mwaka 2012 vali ziliharibika, kikafungwa. Ardhi haikuishiwa nguvu. Vyuma ndivyo vilivyoshindwa.

Vinashindwaje? Bomba la kisima limeshikwa na saruji, hivyo likipata moto halina pa kurefukia. Kila nyuzi moja inayoongezeka hulikandamiza kwa takriban megapaskali 2.5. Chuma cha daraja la K55, kinachotumika sana visimani, hulegea kuanzia megapaskali 379. Joto likipanda nyuzi 150 tu, kimeshafika hapo. Kisima kikipozwa, bomba lile lile husinyaa, na maungio huweza kuachana. Asidi humalizia kazi.

Kwa kustahimili asidi hiyo, aloi (mchanganyiko wa metali) ya nikeli iitwayo C-276, yenye molibdenamu asilimia 16 hivi, ni kati ya zinazoongoza. Lakini kwa kubeba mzigo si bingwa. Nguvu zake hupungua joto likipanda. Ajabu kubwa zaidi imo katika aloi za mapanga ya injini za ndege: ndani yake mna chembe za nikeli na aluminiamu ambazo huzidi kuwa imara kadiri zinavyopashwa moto, hadi nyuzi 700 na zaidi.

Hakuna aloi moja inayoshinda kote. Mimi naona njia ya busara ni bomba la chuma imara lililovikwa aloi ya nikeli kwa ndani, maana nikeli ni ghali.

Kemia ya kila kisima ni yake. Vyuo vyetu vya uhandisi, vya Nakuru vikitangulia, vizijaribu aloi hizi ndani ya mvuke wa Menengai wenyewe.